Kiwanja usikikague wakati wa kiangazi

Mtoto wa dada yangu kanipigia simu: "Mjomba, pesa yangu ni ya kiwanja kimoja tu. Paje, Mwanakwerekwe au Chake, wapi salama?" Viwili vya mwanzo viko Unguja, cha tatu kiko Pemba. Kilichomtisha ni kimbunga na tsunami. Mimi kazi yangu ni udongo na mitaro, nikamwambia anaogopa visivyo.

Kimbunga kipo, sikatai. Cha Aprili 1872 kiling'oa mikarafuu ya Unguja na kuzamisha meli za Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash. Pemba ikanusurika, na tangu hapo ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Lakini sisi tuko nyuzi 5 na 6 tu kusini ya ikweta, na huku mzunguko wa dunia hauupi upepo msokoto wa kutosha. Vingi huishia Madagaska na Msumbiji. Hidaya ya Mei 2024, iliyofika hadi Mafia, ilikuwa jambo la nadra. Tsunami ya Desemba 2004 nayo ilifika pwani yetu ikiwa imechoka, ingawa Dar es Salaam iliua watu.

Masika ndiyo huja kila mwaka.

Sehemu za Mwanakwerekwe ni bakuli: maji yanaingia, njia ya kwenda baharini hayana. Kila nyumba mpya na kila ukuta huyapunguzia pa kukaa. Makaro, yaani mashimo ya vyoo, yakijaa, uchafu hupenya visimani, na hapo kipindupindu hakiko mbali. Udongo wa kinamo ukiwa mkavu hukuonesha nyufa tu, haukuoneshi dimbwi. Kwa hivyo tazama kuta za jirani, utaona mstari wa maji wa masika yaliyopita. Muulize sheha, kiongozi wa mtaa, halafu muulize na bibi anayeuza mandazi pale kona. Huyo hana kiwanja cha kukuuzia.

Paje ni maweni, ardhi ya mawe ya matumbawe, mvua hupotelea kwenye mashimo ya mawe. Shida yake ni bahari: bamvua, maji makubwa ya bahari, linalokula ufukwe, na kisima kinachogeuka chumvi kikivutwa sana.

Chake ningeichagua mimi, lakini juu ya kilima. Chini ni bonde la mpunga. Usikate mtelemko ukauacha wazi, utaporomoka.

Kumbe kile cha Mwanakwerekwe alikwenda kukiona Februari: kikavu, bei nzuri, dalali mchangamfu. Nimemwambia asitoe hata arubuni. Arudi Aprili, asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha, na avae buti.