Kwa nini steringi anapiga ngumi, adui anadondoka, ndo unasikia puu?

Jumapili tumekaa na madogo hapa Majengo, Moshi, muvi ya kwenye flashi, steringi anaongea kashafunga mdomo ndo sauti inatoka. Dogo mmoja akasema bro TV imekufa hii. TV haina kosa jamani, faili ndo lina shida.

Iko hivi, ndani ya faili la muvi, iwe MP4 au MKV, picha na sauti ni vitu viwili vimepakiwa pamoja tu, kila kimoja kina alama zake za muda na pleya ndo inavioanisha, alama zikikosewa basi kila mmoja anaenda na lwake.

Kabla hujagusa kitu angalia dakika ya 5 halafu ruka mpaka ya 90. Pengo kati ya picha na sauti ni lilelile? Umepona. Fungua kwa pleya ya VLC kwenye kompyuta ya Windows, J inawahisha sauti, K inaichelewesha, kila ukibonyeza ni milisekunde 50. Sisi tulibonyeza J mara 13 ikakaa. Ila VLC hailigusi faili lenyewe, ukitaka litulie moja kwa moja hata ukilipeleka kwa jirani tumia MKVToolNix, ni programu ya bure, unaiandikia tu sauti isogee milisekunde ngapi.

Balaa ni pengo linalokua. Sinema nyingi ni fremu 24, yaani picha moja moja 24, kwa sekunde, ila TV za mfumo wa PAL, ndo huo uliokuwa wa kwetu enzi za analojia, zinaenda 25, kwa hiyo muvi ya saa 2 ikikimbizwa kwa 25 inaisha dakika 115 na sekunde 12. Sasa mtu anachukua picha kali toka kopi moja, sauti ya DJ anayetafsiri toka kopi nyingine, anaunganisha, mwanzoni fresh, katikati watu wanacheka kwenye msiba. Hapo J na K utabonyeza mpaka vidole viume. Toa sauti uiweke kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, kama ilitoka kwenye kopi ya 25 na picha ni ya 24, punguza spidi asilimia 4.

Halafu umeshagundua sauti ikitangulia inakera kuliko ikichelewa? Mwongozo wa ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, unasema mtu anashtuka sauti ikitangulia kama milisekunde 45 tu, ila ikichelewa hashtuki mpaka ifike kama 125. Ubongo umezoea, maana ukimwangalia mtu anapasua kuni ng'ambo ya bonde kule Kibosho, shoka lishanyanyuliwa tena ndo unasikia ko, sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, mwanga hausubiri mtu. Sauti kutangulia tendo, hiyo haijawahi kutokea shambani kwa mtu.

Na kama sauti inachelewa kwenye muvi zote, usihangaike na faili, zima kwanza hiyo spika ya Bluetooth, huenda ndo inayochelewesha.