Gari Linalozima Barabarani Kisha Likawaka: Lipime Kabla Halijapoa

Gari lililokufa moja kwa moja halimsumbui sana fundi. Limelala pale pale, linapimika, na kisichofanya kazi kitaonekana. Linalosumbua ni lile linalozima Ubungo saa nane mchana, likakataa kuwaka kwa nusu saa, kisha likawaka kana kwamba halikuwa na neno. Likifikishwa gereji jioni limeshapoa, linaunguruma vizuri, fundi analizungusha mtaani na kulirudisha salama. Hapo ndipo manunuzi ya kubahatisha yanapoanza: leo plagi, kesho pampu ya mafuta, wiki ijayo koili, na mwisho wa mwezi mwenye gari anaambiwa kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa.

Vijana wengi wanaokuja kusomea ufundi magari chuoni kwetu wamepitia gereji za namna hiyo, na kubadilisha spea kabla ya kupima ndiyo tabia ngumu kuliko zote kuwaondolea. Tatizo la kuja na kwenda hupimwa likiwepo. Likishaondoka, fundi hubaki na maelezo ya dereva tu. Ndiyo maana makala haya yanamlenga dereva kuliko fundi.

Usalama kwanza. Injini ikizima ukiwa mwendoni, usukani na breki havifi, ila huwa vizito. Breki za gari la petroli huwa na akiba ndogo ya mvuto wa hewa inayotosha kukanyaga mara moja au mbili, kwa hiyo kanyaga kwa nguvu na ushikilie. Ukiachia na kukanyaga tena na tena unaimaliza akiba hiyo. Usirudishe ufunguo hadi mwisho wala kuuchomoa wakati magurudumu bado yanazunguka, maana usukani unaweza kujifunga. Washa taa za hatari, sogea pembeni, weka pembetatu nyuma ya gari. Lenye gia za otomatiki unaweza kuliweka N (gia huru) na kujaribu kuliwasha likiwa bado linatembea, mradi uko kwenye barabara iliyonyooka na akili yako imetulia.

Ukishakuwa salama, jiulize: limezima vipi?

Kuna kuzima kwa kukatika na kuna kuzima kwa kufifia. La kukatika huzima mara moja, kama taa ya nyumbani umeme ukikatwa. Mara nyingi hilo ni suala la umeme: sensa (kifaa kinachoipa kompyuta ya injini taarifa), relei (swichi inayoendeshwa na umeme), swichi ya ufunguo, waya. La kufifia hupoteza nguvu kwanza, hushtukashtuka, ukikanyaga mafuta halijibu, kisha hufa. Hilo hunielekeza zaidi kwenye mafuta: pampu iliyochoka, filta iliyoziba, maji ndani ya tangi. Kanuni hii ina vighairi vyake, lakini kama ningeruhusiwa kumuuliza dereva swali moja tu, ningeuliza hilo.

Tazama na dashibodi. Taa ya betri na ya oili zikiwaka baada ya injini kuzima, hazijakuambia kitu. Huwaka kila injini inaposimama huku ufunguo ukiwa umefunguliwa. Alteneta (mashine inayochaji betri) nyingi nzima zimeng'olewa kwa kosa la taa hiyo. Taa ya betri ina maana pale inapowaka dakika kadhaa kabla ya kuzima, taa za mbele zikififia. Hapo pima chaji: injini ikiunguruma, betri isome takriban volti 13.5 hadi 14.5, injini ikiwa imezimwa na betri imetulia, karibu 12.6. Lakini dashibodi nzima ikiingia giza, redio ikanyamaza, umeme mkuu umekatika. Anza na vichwa vya betri, waya wa ardhi unaofungwa kwenye bodi na kwenye injini, kisha swichi ya ufunguo.

Kuhusu swichi hiyo, wanaoning'iniza ufunguo wa gari pamoja na wa geti, wa duka na wa kabati wajue kisa hiki. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani iliyaita magari yake yapatayo milioni 2.6, Chevrolet Cobalt yakiwemo, kwa sababu swichi ya ufunguo ilikuwa legevu mno. Uzito wa funguo au mtikiso wa barabara uliweza kuirudisha nyuma, injini ikazima mwendoni, na gari likigonga mifuko ya hewa haikufunguka. Mfuko wa fidia ulioanzishwa baadaye ulikubali madai ya vifo 124. Gari lako huenda halina kasoro hiyo ya kiwandani, lakini swichi iliyotumika miaka 20 huchakaa. Likizima kwenye tuta au shimo, ugeuze ufunguo kidogo kidogo injini ikiwa inaunguruma na gari limesimama. Likikatika, umeshapata pa kuanzia.

Sasa nije kwenye joto, maana magari mengi yenye tatizo hili katika miji yetu huzima yakiwa moto na huwaka yakipoa.

Karibu na puli kubwa ya chini ya injini, au upande wa gia, kuna sensa ya krenki, yaani ya mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Kazi yake ni kuiambia kompyuta ya injini kwamba krenki inazunguka na iko nafasi gani. Bila ishara hiyo kompyuta haijui wakati wa kurusha cheche wala kufungua nozeli zinazopuliza mafuta, hivyo huacha vyote viwili. Aina iliyo ya kawaida kwenye Toyota nyingi tunazoendesha hapa ni koili ndogo ya waya mwembamba sana. Ukizeeka na kupata ufa, waya huo hutanuka kwa joto na kukatika. Ukipoa unagusana tena. Dereva anaona muujiza, kumbe ni nywele ya shaba inayofunguka na kufunga.

Hapa ndipo pampu ya mafuta husingiziwa. Kwenye Toyota nyingi kompyuta huiruhusu pampu kufanya kazi pale tu inapopata ishara kwamba injini inazunguka. Sensa ikifa, pampu nayo hunyamaza. Fundi anakaza sikio chini ya kiti cha nyuma, hasikii kitu, anatamka hukumu: pampu. Inanunuliwa, inafungwa, na kwa kuwa kazi hiyo imechukua saa mbili gari limepoa, linawaka! Mteja anashukuru, analipa. Kesho yake mchana liko pembeni ya barabara tena. Ongeza pia kwamba Toyota nyingi hazipigi pampu kwa kufungua ufunguo tu. Ukimya kabla ya kupiga stata si ushahidi wa lolote.

Njia ya kuzitenganisha ni rahisi. Gari likiwa bado limegoma, piga stata huku ukiangalia mshale wa rpm (mizunguko ya injini kwa dakika). Kwenye magari mengi mshale huo hutikisika kidogo krenki inapozungushwa. Ukilala chini kabisa, sensa ya krenki inapanda juu kwenye orodha ya watuhumiwa. Fundi aliye karibu apime cheche kwa kifaa cha kupimia cheche. Ikiwa hakuna cheche na hakuna mafuta kwa wakati mmoja, aache kuwaza pampu, atafute kitu kinachovihudumia vyote viwili: sensa, relei kuu ya injini, fyuzi, swichi. Ikiwa cheche ipo na mafuta hayapo, hapo ndipo pampu na relei yake wanashtakiwa kihalali. Gereji inaweza kuipasha sensa kwa kikaushia nywele na kupima ukinzani wake wa umeme, kisha kuipoza kwa kitambaa chenye maji na kupima tena, ikilinganisha na kitabu cha injini husika. Ikisoma vizuri ikiwa baridi na kupotea ikiwa moto, kesi imekwisha.

Relei nazo huugua kwa joto. Relei kuu ya Honda za miaka ya 1980 na 1990 ilijulikana sana kwa lehemu zake kupata nyufa: gari linaachwa juani, ukirudi haliwaki, ukifungua milango likapata hewa linawaka. Fundi akizirudishia lehemu, relei hupona bila kununua nyingine.

Kwenye mafuta, kosa letu kubwa ni kuendesha na tangi tupu. Pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na petroli inayoizunguka. Mwenye kuweka mafuta ya elfu tano tano kila siku anaichosha, na anaipa nafasi ya kunyonya uchafu wa chini. Ndiyo maana gari lililotoka Dar es Salaam bila neno linaanza kufifia kwenye mlima wa Kitonga: tangi limeinama, mafuta yamekimbilia upande mmoja, na injini inataka mengi kwa wakati huo huo. Dawa ya kubahatisha hapa ni filta. Dawa ya uhakika ni kipimo cha presha ya mafuta, kilichofungwa pahali salama ambapo fundi atakisoma mkiwa mnaendesha. Kwenye injini ya 1NZ-FE, iliyo kwenye Toyota IST na Vitz kadhaa, presha iwe takriban kilopaskali 304 hadi 343. Injini ikififia na presha ikishuka pamoja nayo, mafuta yana hatia. Presha ikisimama imara wakati injini inakufa, achana na mafuta.

Uchakachuaji nao upo. EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama maalumu za kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu hiyo. Ukishuku, toa mafuta kidogo kwenye chupa ya kioo, mbali na moto, uyaache yatulie. Maji hukaa chini na mstari wake huonekana. Wenye dizeli waanze na maji kwenye filta na hewa inayoingia kwenye mipira ya mafuta.

Likizima ukiachia mafuta tu, kwenye foleni au ukifika taa za barabarani, hasa kiyoyozi kikiwa kimewashwa, usiende mbali. Throto bodi (mlango wa hewa inayoingia kwenye injini) imejaa masizi au vali inayodhibiti mwendo wa injini isipokanyagwa imekwama. Ni kusafisha.

Mtuhumiwa mmoja hayumo kwenye vitabu vya kiwandani: alamu na vifaa vya kufuatilia gari vilivyofungwa mtaani. Vingi vina relei ya kukata pampu au moto ili mwizi asifike mbali, na ili kuifunga, waya mzima wa gari umekatwa, ukasokotwa na kuzungushiwa utepe. Joto na mtikiso vikiulegeza, gari linajiibia lenyewe. Ukinunua gari kwa mtu, muulize kama limewahi kufungwa kifaa na relei yake imefichwa wapi. Mimi huwaambia mafundi waanze kuichunguza hiyo kabla ya kugusa kompyuta, na kwa kweli kompyuta ya injini ingekuwa ya mwisho kabisa kushukiwa.

Ukilipeleka gari kwenye mashine ya kupimia, usikubali mtu achomoe betri kwanza ili kufuta taa ya injini. Anafuta ushahidi. Kodi (namba ya kosa) P0335 inahusu mzunguko wa umeme wa sensa ya krenki, na karibu nayo mashine nyingi huonyesha hali ilivyokuwa wakati kosa linarekodiwa: joto la injini, kasi, mzigo. Toyota za miaka ya 1990 ambazo mashine haizisomi zina njia yake: fundi huunganisha TE1 na E1 kwenye kisanduku cha uchunguzi kwa waya mfupi, na taa ya injini hupepesa hesabu. Hesabu ya 12 au 13 ni ya ishara ya mizunguko. Kodi isipokuwepo haimaanishi gari ni zima; waya unaokatika na kurudi haraka huweza kupita bila kurekodiwa.

Kwa walionunua magari ya nusu ya pili ya miaka ya 2010 kuna hatua ya bure. Kuanzia mwaka 2020 Toyota na Honda ziliyaita magari mengi duniani kwa sababu ya pampu za mafuta za Denso, ambazo feni yake ndogo ya plastiki inayosukuma mafuta iliweza kuvimba na kukwama, injini ikazima mwendoni. Muulize wakala wa kampuni kwa namba ya chesi kabla ya kulipia uchunguzi wowote.

Kama fundi haoni kitu, muachie gari siku nzima alitumie mpaka lizime mkononi mwake, badala ya kurudi nalo kila jioni likiwa limepoa. Ukiwa nalo wewe, andika kwenye simu kila linapozima: saa, jua au mvua, kipimo cha tangi, kiyoyozi, mlima au tambarare, limekatika au limefifia, limekaa muda gani kabla ya kuwaka. Na spea ikibadilishwa, dai ya zamani na ujaribu gari kwenye hali ile ile iliyokuwa ikilizimisha. Kama lilikuwa likizima saa nane mchana kwenye foleni, usilipokee baada ya mzunguko mmoja wa asubuhi. Sensa ya mtumba iliyong'olewa kwenye gari bovu inaweza kuwa na ugonjwa ule ule, kwa hiyo nayo ipimwe ikiwa moto kabla ya kufungwa.