Mwachano wa lenzi katika picha za stereo

Picha ya stereo ni jozi ya picha za kitu kimoja zilizopigwa kutoka sehemu mbili zilizo kando kwa kando. Mtazamaji huziona kwa wakati mmoja, ya kushoto kwa jicho la kushoto na ya kulia kwa jicho la kulia, mpaka ubongo uziunganishe na vitu vionekane vimepangana mbele na nyuma badala ya kulala bapa kwenye karatasi. Umbali ulio kati ya sehemu hizo mbili, yaani pale lenzi ilipokuwa kwa picha ya kwanza na pale ilipokuwa kwa picha ya pili, ndio ninaouita hapa mwachano wa lenzi. Wengi wanaoanza kujifurahisha na picha hizi huhangaika na miwani ya kutazamia, na kumbe picha yao iliharibika zamani, tangu walipoamua kusogeza kamera kiasi gani.

Nyoosha mkono, simamisha kidole kimoja mbele ya dirisha, kisha fumba jicho moja na jingine kwa zamu. Kidole kitaonekana kuruka kushoto na kulia, huku fremu ya dirisha nyuma yake ikisogea kidogo tu. Tofauti hiyo ya kusogea ndiyo inayompa mtu habari za umbali, na mwanasayansi Mwingereza Charles Wheatstone aliieleza mbele ya Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, mwaka 1838 kwa kutumia vioo viwili na michoro ya mistari. Alitumia michoro kwa sababu upigaji picha ulikuwa haujatangazwa bado. Ulitangazwa Ufaransa mwaka uliofuata. Kwa hiyo stereo, kama wazo, ina umri mkubwa kuliko picha zenyewe tunazozipiga.

Macho ya mtu mzima yameachana kwa wastani wa milimita 63 hivi, na mtu angetarajia kwamba mwachano wa lenzi uwe huohuo siku zote. Sivyo. Tunapotazama vitu vya kweli, macho huelekezwa kwenye kitu kimoja kwa wakati, na vilivyo mbele au nyuma yake tunavipuuza bila kujua. Picha ya stereo haitupi nafasi hiyo: kitu cha karibu na mlima wa mbali vyote vimewekwa kwenye skrini moja, na tofauti kati yao ikizidi, macho hushindwa kuziunganisha, na mtazamaji huondoka na maumivu ya kichwa.

Ndiyo maana wapigaji wa stereo hufuata kanuni ya moja ya thelathini: mwachano uwe sehemu moja ya thelathini ya umbali kutoka kwenye lenzi hadi kwenye kitu kilicho karibu zaidi. Stereo Realist, kamera ya filamu iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1947, ilikuwa na lenzi mbili zilizoachana milimita 70. Zidisha kwa 30, upate mita 2.1; ukisogea karibu zaidi ya hapo na kamera ya namna hiyo, huku nyuma kukiwa na mandhari ya mbali, unatafuta taabu. Kanuni hii hata hivyo si amri. Ikiwa nyuma ya kitu kuna ukuta ulio karibu, mwachano unaweza kuongezwa. Ukitumia lenzi ya kuvuta, yaani inayokuza vitu vya mbali, upunguzwe.

Niliwahi kupiga mbuzi ya kukunia nazi iliyowekwa uani, chuma chake chenye meno kikiwa sentimita 60 kutoka kwenye simu. Hesabu ilinitaka nisogeze sentimita 2 tu, lakini nilisogeza kama 6, nikijiambia kwamba ndivyo macho yalivyo. Kwenye stereoskopu, kifaa cha kutazamia jozi hizi, yale meno yalinijia usoni yakagawanyika mara mbili, na sikuweza kuyatazama zaidi ya nukta chache. Juu ya hayo, kuku alipita nyuma kati ya picha ya kwanza na ya pili, akawa yupo kwa jicho moja na hayupo kwa jingine, akimemeteka kama mzuka. Anayetumia kamera moja na achague vitu vilivyotulia, kwa maana majani yanayopepea, mawimbi na watu humharibia jozi nzima.

Kwa vitu vya mbali mambo hugeuka. Mlima ulio kilomita 3 hautoi kina chochote kwa mwachano wa macho. Kwa kanuni ileile unahitaji hatua ya mita 100. Wapima ramani wamekuwa wakifanya hivyo kwa picha za ndege, ambazo mwachano wake ni wa mamia ya mita. Ila mwachano mkubwa kuliko wa macho una gharama yake: mandhari huonekana kama kichezeo kilichowekwa mezani, na kwangu mimi miji inayopigwa hivyo hupoteza ukuu wake.

Wakati wa kusogeza, hamishia uzito wa mwili kutoka mguu wa kushoto hadi wa kulia, kamera ikibaki kwenye kimo kilekile na ikitazama mbele sambamba. Usiigeuze kuelekea kwenye kitu, maana kingo za picha mbili zitapishana kimo. Kasoro ndogo za kimo na mzunguko hurekebishwa na programu ya bure ya StereoPhoto Maker, iliyotengenezwa na Masuji Suto, na hata ukibadilisha kushoto na kulia kwa bahati mbaya, kiasi kwamba vya nyuma vikaja mbele, ni jambo la kubofya mara moja. Mwachano uliokosewa hauna dawa ya namna hiyo. Kwa vitu vya mezani mimi hulaza rula kando ya simu na kupiga picha saba mfululizo, kila moja sentimita 1 kulia kwa iliyotangulia, kisha huchagua jozi baadaye nikiwa nimetulia.