Pasipoti hukwama kwenye jina: yanayosemwa Mombasa na yaliyo kweli

Msimu wa Umra ukikaribia, au mawakala wa kazi za Ghuba wakitangaza nafasi, saiba (vibanda vya kompyuta na intaneti) za Mwembe Tayari na Kisauni hujaa watu wanaotaka pasipoti kwa haraka. Maneno nayo huwa mengi: fulani alipata kwa siku tatu, fulani alikataliwa kwa sababu ya ukoo wake, fulani ana mtu wake ndani. Baadhi yalikuwa kweli zamani, ndiyo maana hayafi. Lakini ukifuatilia maombi yaliyokwama, mara nyingi kisa kilianzia nyumbani, kwenye bahasha ya vyeti ambayo hakuna aliyeifungua na kuisoma herufi kwa herufi.

“Herufi moja haina neno, bora kitambulisho kipo”

Ina neno, tena ndilo kubwa kuliko yote. Majina ya Pwani yana tahajia nyingi: Hadija na Khadija, Fatma na Fatuma, Abdalla na Abdallah, Mohamed, Mohammed na Muhammad. Mtaani ni mtu yule yule. Kwenye kumbukumbu za serikali ni watu wawili, mpaka uthibitishe vingine.

Ukifungua akaunti ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mfumo huchukua jina lako kutoka kwenye rejista ya vitambulisho. Huliandiki wewe. Afisa wa Uhamiaji naye hukaa na karatasi zako halisi akilinganisha cheti cha kuzaliwa na kitambulisho. Cheti kikisema Hadija Omari na kitambulisho kikisema Khadija Omar Ali, hapo ana haki ya kuuliza. Hali ni hiyo hiyo kwa “bin” na “binti” zilizoandikwa kwenye karatasi moja zikaachwa kwenye nyingine, kwa jina la babu lililoongezwa wakati wa kuchukua kitambulisho, na kwa tarehe: kitambulisho kina mwaka 1974 na cheti kilichotolewa miaka mingi baadaye kina 1976.

Dawa inategemea kosa liko wapi, na mpangilio wake una maana. Kosa likiwa kwenye cheti cha kuzaliwa, anzia kwa msajili wa vizazi na vifo. Likiwa kwenye kitambulisho, rudi kwa msajili wa watu na cheti sahihi, uombe kitambulisho kipya, na usubiri kadi yenyewe itoke kabla ya kugusa ombi la pasipoti. Watu hufanya kinyume. Wanalipia pasipoti kwanza, wanakwama kwenye kaunta, kisha wanaanza kukimbizana na vyeti huku tarehe ya safari ikisogea.

Hati ya kiapo kwa wakili, ile inayosema majina mawili ni ya mtu mmoja, husaidia pale tofauti ni ya tahajia tu. Haibadilishi chochote kwenye rejista. Mtu anayeitegemea atahitaji kuibeba tena benki, ubalozini na kila mahali, kwa hiyo ni afadhali kusahihisha chanzo. Na kama jina limebadilika kweli, kwa mfano aliyesilimu na sasa anaitwa Yusuf ilhali cheti kinasema Joseph, kiapo hakitoshi. Inatakiwa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa na kutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Kenya, kisha kitambulisho kifuate, kisha pasipoti. Mke anayetaka jina la mume kwenye pasipoti afuate njia hiyo ya kitambulisho kwanza, akiwa na cheti cha ndoa, kiwe cha kadhi, kanisa au serikali. Asiyetaka kubadili halazimiki. Ndoa haimnyang'anyi mtu jina lake.

“Karatasi ya hospitali ndiyo cheti chenyewe”

Sivyo. Ile karatasi anayopewa mama baada ya kujifungua ni taarifa ya kuzaliwa, yaani ruhusa ya kwenda kuchukua cheti. Kadi ya kliniki na cheti cha ubatizo navyo havishiki nafasi yake. Aliyezaliwa nyumbani Kinango au Ganze na hakuandikishwa atahitaji usajili wa kuchelewa, nao una hatua zake na huanzia kwa chifu. Ombi la cheti hufanywa kwenye eCitizen, na Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali kilicho kwenye jengo la Posta, Digo Road, ni mahali pazuri pa kuanzia kwa asiyejua aelekee wapi. Kadi ya kusubiria kitambulisho pia haipokelewi kama kitambulisho.

“Mpemba au Mmakonde hapewi”

Hii ni habari iliyopitwa na wakati, ya enzi ambazo jamii hizi mbili, zenye asili ya Pemba na Msumbiji, ziliishi Kenya bila kutambuliwa kuwa raia. Wamakonde walitambuliwa na kuanza kupewa vitambulisho mwanzoni mwa 2017. Wapemba wa Kilifi na Kwale walitambuliwa 2023. Kifungu cha 12 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata pasipoti ya Kenya, bila kuuliza uraia ulikuja kwa kuzaliwa au kwa kusajiliwa. Aliyesajiliwa aende na kitambulisho pamoja na cheti chake cha usajili wa uraia.

Kinachowaudhi watu wengi wa Pwani ni maswali ya ziada kuhusu wazazi, na kuudhika huko kuna historia yake. Lakini kwa upande wa karatasi kinga ipo. Fomu yenyewe inauliza habari za wazazi, kwa hiyo beba nakala za vitambulisho vyao, au cheti cha kifo kwa aliyefariki. Anayekwenda navyo mara ya kwanza haambiwi arudi kesho.

“Nipe elfu kumi juu, wiki hii unayo mkononi”

Bei ya serikali haina siri. Pasipoti ya kawaida ya kurasa 34 ni Sh7,500, ya kurasa 50 ni Sh9,500, na ya kurasa 66 ni Sh12,500, ukiongeza ada ndogo ya eCitizen. Ndizo bei zilizoanza baada ya nyongeza iliyotangazwa mwishoni mwa 2023. Anayekwambia Sh4,500 anakumbuka ya zamani. Kwa anayekwenda Umra mara moja au kazi ya mkataba wa miaka miwili, kurasa 34 zinatosha kabisa. Mfanyabiashara wa Dubai na Guangzhou ndiye anayezijaza.

Malipo ya eCitizen kwa M-Pesa huingia kwenye nambari ya paybill 222222, na nambari ya akaunti ni ile iliyoandikwa kwenye ankara yako. Hakuna afisa anayepokea ada ya pasipoti kwenye simu yake, wala hakuna till ya duka inayohusika. Broka anayeomba umtumie pesa “akulipie” anaweza kulipia kweli, anaweza kulipia ombi la mtu mwingine, na anaweza kuzima simu.

Je, anaweza kuharakisha? Mwaka 2023, pasipoti zilipolundikana kwa maelfu, sababu zilizotajwa hadharani zilikuwa mashine za kuchapisha zilizochakaa katika Jumba la Nyayo, ofisi kuu ya Uhamiaji Nairobi, na uhaba wa vitabu vya pasipoti. Pesa iliyopitishwa mkononi hapa Mombasa, karibu na Treasury Square, haingeweza kutengeneza mashine ya Nairobi. Ilichoweza kufanya ni kumfanya mtoaji na mpokeaji wote kuwa wakosaji mbele ya sheria.

“Saiba watanifanyia kila kitu”

Kuchapisha, sawa. Kukusaidia kujaza, sawa pia, ukiwa umekaa pembeni unasoma kioo. Shida huanza kijana wa saiba anapofungua akaunti ya eCitizen kwa barua pepe aliyoibuni papo hapo na nambari yake mwenyewe ya simu. Kitambulisho kimoja kina akaunti moja. Ujumbe wa miadi, wa kosa kwenye ombi, na wa pasipoti kuwa tayari unakwenda kwake, na kufikia hapo huenda ameshahamia Malindi. Tumia simu yako na nywila yako, na uandike mahali.

Makosa mengine ya saiba ni haya. Kuchagua Nairobi kama kituo cha kuwasilisha ombi, ilhali mwombaji yuko Likoni na ofisi ya Mombasa iko jengo la Uhuru na Kazi, mwendo mfupi kutoka feri. Kuweka alama ya “mara ya kwanza” kwa mtu aliyewahi kuwa na pasipoti, wakati rekodi yake ya zamani bado ipo. Na kumwachia kijana yule yule asaini sehemu ya mdhamini. Mdhamini anatakiwa awe raia wa Kenya anayekujua, mwenye wadhifa unaotambulika, na asiwe jamaa yako. Nakala ya kitambulisho chake huambatanishwa.

Siku ya miadi beba fomu iliyochapishwa na kusainiwa, nakala tatu za ankara, kitambulisho na cheti cha kuzaliwa vyote halisi pamoja na nakala zake, picha, na pasipoti ya zamani kama ipo. Nakala bila asili ni safari ya bure.

“Bila cheti cha tabia njema hupokelewi”

Hutakiwi. Cheti hicho cha polisi huulizwa na waajiri na baadhi ya balozi wakati wa viza, na wakala wa Ghuba ndiye anayekitaka. PIN ya KRA, ile nambari ya mlipa kodi, haihusiki. Barua ya ruhusa ya mume haihusiki pia, hata kama ami zake mume watasema vingine.

“Picha ya studio ndiyo itakayotokea ndani”

Picha za studio, zenye usuli mweupe, huenda na fomu. Ile ya kwenye kitabu hupigwa ofisini siku ya kutoa alama za vidole na saini, kwa hiyo vaa siku hiyo kama unavyotaka kuonekana kwa miaka kumi. Hijabu si kosa mradi uso wote uonekane kuanzia kidevu hadi paji. Nikabu itashushwa na miwani itavuliwa. Mtandio mweupe juu ya usuli mweupe hupoteza umbo la kichwa, chagua rangi nyingine. Na bibi harusi mpya azingatie: piko au hina iliyojaa kwenye ncha za vidole huweza kuisumbua mashine. Mvuvi, fundi wa saruji na mama anayekuna nazi kila siku nao wana vidole vilivyolainika michirizi yake. Kupaka mafuta ya kulainisha ngozi siku kadhaa kabla husaidia, ila siku yenyewe mikono iwe mikavu.

“Mtoto ataingia kwenye pasipoti ya mama”

Kila mtoto ana yake, hata wa miezi mitatu, na lazima aletwe mwenyewe. Cheti chake cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi waliotajwa humo na idhini yao vinahitajika. Hapa ndipo wazazi walioachana hukwama: jina la baba limo kwenye cheti, baba hapatikani. Shughulika na hilo kwa wakili au mahakamani mapema, wala usisubiri shule zifungwe.

“Haijaisha muda, bado inafaa”

Nchi nyingi, Saudia ikiwemo, zinataka pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele. Yenye miezi minne ni sawa na iliyokwisha kwa msafiri wa Umra. Na kile kitabu cha zamani kisicho na chipu kilisitishwa 30 Novemba 2022, haijalishi tarehe iliyoandikwa ndani. Kinachotolewa sasa ni pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki, iliyoanza Septemba 2017. Usiitoboe, usiipige stepla, usiiweke plastiki ya moto.

Ikipotea, ripoti polisi upate abstrakti, yaani hati ya polisi ya kuthibitisha umeripoti, kwanza. Kubadilisha iliyopotea ni Sh20,000, zaidi ya mara mbili ya bei ya kitabu cha kurasa 34, na wale wanaoificha chini ya godoro la nyumba ya kupanga wangefikiria hilo. Ukiisema imepotea kisha ikapatikana chini ya kabati, usisafiri nayo: imeshafutwa kwenye mfumo, na utajua hivyo ukiwa mbele ya kaunta ya uwanja wa ndege.

“Kwenda Tanga au Unguja kwa arusi ni lazima pasipoti”

Pasipoti inatosha, lakini si lazima. Raia wa Kenya anaweza kuvuka mpaka wa Lunga Lunga kwa hati ya muda ya kusafiria, inayoombwa kwenye eCitizen kwa bei ndogo sana ukilinganisha na kitabu. Kitambulisho pekee, kinachokubaliwa Uganda na Rwanda, hakitoshi upande wa Tanzania. Beba na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana wengi hurudishwa Horohoro, upande wa Tanzania wa mpaka huo, kwa kukosa hiyo kadi tu.