Kisiwa cha kupwa na kujaa hakizami

Kisiwa cha kupwa na kujaa ni kile ambacho maji yakipwa unakifikia kwa miguu, na yakijaa kinazungukwa na bahari pande zote. Maana yake inaishia hapo. Lakini kila mara nasikia kikielezwa kuwa ni "kisiwa kinachozama na kuibuka", na hilo si kweli. Kinachozama ni njia. Hata bamvua la mwezi mpevu likipanda, kichwa cha kisiwa kinabaki kikavu.

Ardhi inayofunikwa maji yakijaa ina jina lake: fungu, au mwamba ikiwa ni jiwe. Tofauti hiyo imewahi kufikishwa mahakamani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, kifungu cha 121, unataka kisiwa kiwe ardhi ya asili inayokaa juu ya maji wakati wa kujaa. Inayoonekana wakati wa kupwa tu imewekwa kando, katika kifungu cha 13. Qatar na Bahrain zilipogombania Qit'at Jaradah, kipande kidogo cha ardhi baharini kati yao, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua mwaka 2001 kwamba ni kisiwa. Maji yakijaa, kilichobaki pale kilikuwa kama mita 12 kwa 4, kimo chake takriban sentimita 40. Kidogo kiasi hicho, lakini kikavu, na ukavu ndio uliotazamwa.

Wanyama nao wanaijua tofauti hii. Kwenye mdomo wa mto Dee, Uingereza, kuna visiwa vitatu vidogo: Hilbre, Middle Eye na Little Eye. Maji yakipwa watu huvifikia kwa miguu kutoka West Kirby. Upande wa magharibi kuna fungu kubwa la mchanga, na hapo sili wa kijivu, mamalia wa baharini, hujilaza maji yakiwa yamepwa. Maji yakirudi juu ya fungu, sili wanaingia baharini, maana hawana pa kubaki. Ndege wa pwani hufanya kinyume. Wakati wa kupwa wametawanyika topeni wakidokoa minyoo na chaza wadogo. Maji yakipanda wanasukumwa kurudi nyuma hatua kwa hatua, mpaka wanakusanyika juu ya mawe makavu ya kisiwa, wamebanana, wengi kwa mguu mmoja, mdomo umefichwa mgongoni, wakingoja. Baadhi yao wamesafiri kutoka Greenland na kaskazini mwa Kanada walikotaga. Ukiwarusha saa hiyo wanateketeza mafuta waliyoyatafuta kutwa.

Kwa sababu hiyo neno "kitupu", wanaloliita kisiwa kisichokaliwa na watu, nalo linanisumbua. Kisiwa kisicho na wakazi hakina watu wanaoishi hapo, basi. Maji yakijaa ndipo kinapojaa viumbe.

Ukitaka kuhakikisha, tazama jiwe lenyewe. Chini utaona mwani na kome walioshikamana. Juu yao mstari unakatika, kisha zinaanza kuvu za mawe za manjano na kijivu, halafu majani. Majani ya nchi kavu hayaoti panapofunikwa na maji ya chumvi kila siku. Kwa hiyo mwenzako akisema kisiwa kimezama, mwambie tu kwamba njia imefunikwa, na asubiri maji yapwe ndipo avuke.