Mchicha wa Andes na yale unayosingiziwa

Amaranthus caudatus, mchicha wenye masuke mekundu yanayoning'inia kama mikia, Ulaya hupandwa zaidi kwa kupamba bustani. Peru, kwenye milima ya Andes ya Amerika Kusini, mmea huohuo huitwa kiwicha, na ni chakula.

"Huo wa bustani ni mmea mwingine kabisa." La. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliupa jina la Amaranthus caudatus mwaka 1753, na wa shambani na wa bustani wote ni spishi hiyo moja. Wakulima wa Andes walichagua mbegu nyeupe, maana za porini huwa nyeusi. Watunza bustani nao walitaka suke refu na jekundu. Lakini hata mashamba ya kiwicha yana masuke ya rangi ya waridi, zambarau, hata manjano, kwa hiyo rangi peke yake haikuambii lolote.

"Wekundu huo ni sumu." Rangi hiyo ni betalaini, kundi lilelile linaloipaka bitiruti, ndiyo maana majani yakichemshwa maji hugeuka mekundu. Majani yanaliwa kama mchicha wetu wa mboga, ambao ni jamaa yake. Yana oksaleti, kemikali ya mimea isiyofaa ikizidi mwilini, hivyo si vibaya kumwaga maji ya kwanza. Cha kuogopa ni pakiti ya mbegu za maua iliyotiwa dawa: hiyo ni ya kupanda, si ya kula.

"Ni nafaka kama mtama." Hutumika kama nafaka, ila haumo katika jamii ya nyasi. Hauna gluteni, ile protini ya ngano, na una lisini nyingi, asidi amino (kijenzi cha protini) ambayo mahindi na ngano zimepungukiwa. Sugua suke lililokauka kwa viganja juu ya ungo, pepeta taratibu (pumzi kali itapeperusha vyote), zitabaki chembe za kama milimita 1. Kwenye kikaango cha moto hupasuka kama bisi. Waperu huzishikanisha kwa asali wakala. Ukizila mbichi, nyingi zitapita tumboni zikiwa nzima.

Linaloniudhi zaidi ni "chakula cha Waazteki". Waazteki walikuwa Meksiko, na michicha ya nafaka ya huko ni spishi nyingine: A. hypochondriacus na A. cruentus. Kiwicha ni cha Andes, na katika karne ya 20 kilipata mtetezi wa hukohuko, mtafiti Luis Sumar Kalinowski wa Cusco, Peru, aliyekusanya aina zake nyingi wakati wengi walikuwa wamekipa kisogo.