Viatu vya Januari havimwingii tena: wazazi wauliza kuhusu vijana wanaorefuka ghafla

Maswali haya niliulizwa na wazazi wa darasa la sita na la saba, kwenye kikao cha shule moja hapa Moshi. Mimi ni muuguzi, nilikuwa nimejiandaa kuzungumzia lishe. Wao walitaka kujua kuhusu urefu.

Nilimnunulia mwanangu viatu soko la Memorial mwezi wa kwanza. Huu ni wa tano na vidole vimeshajikunja. Ni kawaida?

Kawaida kabisa, na hivyo viatu vimekupa taarifa mapema. Balehe ikianza, viganja na nyayo hutangulia, miguu hufuata, kiwiliwili huja mwisho. Kabla ya hapo mtoto alikuwa akiongezeka sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Kwenye kilele, msichana hufikia kama 8, mvulana 9 au zaidi. Mwaka huo usihangaike na viatu vya bei. Mtumba mzuri unatosha, mradi mbele ibaki nafasi kidogo ya kidole gumba kupumua.

Akimwaga chai au kujikwaa kizingitini, usimwite mzembe. Mikono na miguu imerefuka, yeye bado anaipimia kwa urefu wa zamani.

Binti yangu ni mrefu kuliko wavulana wote darasani, anatembea ameinama kwa aibu. Kaka yake wa miaka 14 bado kafupi. Nani mwenye tatizo?

Huenda hakuna. Wasichana huanza balehe kati ya miaka 8 na 13, na kilele chao cha kurefuka huwa karibu na miaka 12. Wavulana huanza kati ya 9 na 14, kilele kikaja kama miaka miwili baada ya dada zao. Kwa hiyo darasa la sita ni la wasichana. Kidato cha pili picha inageuka.

Mifupa mirefu ina gegedu la ukuaji, yaani sehemu laini ambayo bado haijawa mfupa, karibu na ncha zake. Hapo ndipo urefu unapotengenezwa. Homoni ya estrojeni, ambayo hata wavulana wanayo, ndiyo hulifunga taratibu. Msichana anapovunja ungo kilele kimeshapita, na kwa kawaida hubakiwa na sentimita 5 hadi 7 hivi. Kijana aliyechelewa bado ana gegedu lililo wazi, ndiyo maana namuuliza baba kwanza: wewe ulirefuka lini? Mara nyingi anacheka na kusema alimaliza kidato cha nne akiwa mdogo kuliko wote. Basi mtoto amefuata nyayo.

Mkitaka makisio ya urefu wake akishakua, jumlisheni urefu wa baba na mama kwa sentimita, ongezeni 13 kwa mvulana au punguzeni 13 kwa msichana, kisha gawanyeni kwa 2. Baba wa sentimita 172 na mama wa 160: mvulana hulenga 172.5, msichana 159.5, na anaweza kuzidi au kupungua kama sentimita 8. Ni makisio, msiandikiane mkataba.

Kuhusu binti anayeinama: siku moja mwambie ainame kuelekea vidole vya miguu, wewe usimame nyuma yake. Ukiona upande mmoja wa mgongo umeinuka kuliko mwingine, mpeleke hospitali. Mgongo unaopinda kwa ubavu huzidi haraka kipindi hiki.

Mdogo wao analia usiku kwamba miguu inauma. Mifupa inavutika?

Watu huita maumivu ya kukua, ingawa haijathibitika kwamba kukua ndiko kunakoyaleta. Hushika miguu yote miwili jioni au usiku, na asubuhi mtoto anaruka kamba. Mkande tu. Mguu mmoja pekee, uvimbe, homa, kuchechemea au kupungua uzito, hiyo ni habari nyingine: hospitali.

Mcheza mpira anayeumwa kwenye kinundu chini ya goti naye ana kisa chake. Msuli wa paja unavuta mfupa ambao haujakomaa. Apunguze mechi, mfupa ukikomaa, hutulia.

Sufuria la ugali linaisha. Nimpe nini?

Mpe. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa ya mgando, mayai, kiburu (ndizi zilizopikwa na maharage) chenye maharage ya kutosha. Binti aliyevunja ungo anahitaji madini ya chuma zaidi: maharage na mboga za majani, pamoja na ndimu au chungwa. Chai isubiri kama saa moja baada ya mlo, inazuia chuma kuingia mwilini.

Na usingizi. Homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi mtoto akiwa usingizi mzito. Wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12, aliyevuka hapo 8 hadi 10. Nilipotaja hilo ukumbi uliguna, maana wengi huamshwa saa kumi alfajiri kuwahi masomo ya ziada. Guneni, lakini hesabu ndiyo hiyo.

Zile dawa za kurefusha?

Hapana. Hela hiyo nunua mayai.

Ndugu zetu wako Ngarenanyuki, watoto wana meno ya kahawia. Maji yale yanazuia urefu?

Madoa ni ya floridi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya Meru. Huingia jino likiwa bado linaumbika ndani ya fizi, na madoa yenyewe hayazuii urefu. Ila floridi nyingi kwa miaka mingi hukakamaza viungo na inaweza kupinda miguu. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua, yenyewe hukolea. Maji ya mvua ni nafuu. Angalieni pia magadi ya kulainishia maharage, mengine yana floridi nyingi.

Lini nimwone daktari?

Matiti yakianza kabla ya miaka 8, au dalili za balehe kwa mvulana kabla ya 9. Msichana asiye na dalili yoyote akifika 13, mvulana 14. Hedhi isipoonekana hadi 15. Na mtoto anayeongezeka chini ya sentimita 4 kwa mwaka kabla ya balehe.

Mpimeni kwenye fremu ya mlango kila miezi sita, bila viatu, muandike tarehe. Njooni na vipimo hivyo. Daktari akiwa na shaka ataagiza eksirei ya mkono wa kushoto, aone gegedu limebaki kiasi gani.